Kuchora Tagi Ndogo ya Safari Ndefu: Niliyojifunza Mezani na Majini

Watu wanaonijia wakitaka boti ya umbo la tagi huwa wameshaipenda sura: omo, yaani pua ya chombo, lililoinuka, kibanda cha usukani kilichosimama wima, bomba nene la moshi, na mpira mweusi uliozunguka ubavu. Wana haki ya kuipenda. Lakini mimi kabla ya kushika penseli nilikuwa fundi wa injini kwenye tagi za bandari, pale Kilindini, Mombasa, na jambo la kwanza ninalowaambia huwavunja moyo kidogo. Tagi ya bandarini haifai hata kidogo kwa safari ndefu. Ina urefu wa mita 30 hivi, na tumboni mna injini mbili zenye maelfu ya hospawa, kwa sababu kazi yake ni kusukuma na kuvuta meli iliyoizidi uzito mara nyingi. Kazi ikiisha inarudi gatini, na gati haliko mbali. Mafuta yanayoliwa hapo hayamuumizi kichwa nahodha wa tagi. Bili inakwenda kwa mwenye meli. Zipo tagi za baharini zinazokokota meli mbovu kutoka bara hadi bara, ila zile ni meli kamili, na si habari ya mume na mke wanaotaka kulala chomboni na kuamka kisiwa kingine.

Mteja niliyejifunza kwake zaidi alikuwa mzee mmoja aliyestaafu unahodha wa meli za mizigo. Alikuja na picha, na rangi alishachagua. Akaniambia, "Fundi, nataka tagi yangu ndogo, mimi na mama watoto tuingie humo, tufike Ngazija, tufike Ushelisheli, bila kuhesabu matone ya dizeli."

"Ushike mwendo gani, Kapteni?"

"Noti 10."

Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa. Nikamwomba anipe kalamu. Chombo kinacholima maji, yaani kisichoinuka juu yake kama spidiboti, kina mwendo wake wa kikomo, na mwendo huo unatokana na urefu wa chombo pale maji yanapokishika. Chukua urefu huo kwa futi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.34. Sisi tulikuwa tunazungumzia boti ya mita 12, ambayo majini inakaa kwenye mita 11, sawa na futi 36. Kipeuo chake ni 6. Kikomo, basi, ni noti 8 na nukta. Ukilazimisha zaidi ya hapo, boti inaanza kupanda wimbi ililoliumba yenyewe, tezi, yaani nyuma ya chombo, linazama, na injini inachoma mafuta ili isogee hatua ndogo tu.

Lakini mzee alikuwa hajashtuka bado. Kilichomshtua ni hesabu ya pili. Kwa uzito wa tani 18 nilizokadiria, noti 8 zilihitaji karibu kilowati 59 kwenye shafti. Noti 6 zilihitaji 24 tu. Dizeli inaliwa kama robo lita na kidogo kwa kila kilowati kwa saa, kwa hiyo noti 8 ni lita 16 kwa saa, na noti 6 ni lita 6 na nusu. Igeuze iwe kwa maili: kwenye noti 8 unachoma karibu lita 2 kwa kila maili ya bahari, kwenye noti 6 unachoma lita 1 na chembe. Tangi lilelile, bahari ileile, masafa karibu mara mbili.

Sikuhitaji kumhubiria. Alikuwa baharini bei ya mafuta ilipopaa 2008 na kampuni za makontena zikaanza kupunguza mwendo wa meli zao kusudi. Akacheka, akafuta 10 akaandika 6 na nusu kwa mkono wake. Tangu hapo michoro yote inayopita mezani kwangu naianza hapo: mwendo kwanza, halafu mafuta, halafu uzito, na sura mwisho. Anayeanza na sura hulipia noti mbili za ziada maisha yote ya chombo.

Hili la boti ndogo za umbo la tagi kuwa za watu wanaobana mafuta halikuanza na sisi. Nordic Tug ya futi 26, aliyoichora Lynn Senour, ilionyeshwa Seattle mwaka 1980, wakati Wamarekani wamechoshwa na misukosuko ya mafuta ya miaka ya sabini, na sifa yake ilikuwa injini ndogo isiyokula. Kwa upande wa kuvuka bahari yenyewe, Robert Beebe alishaonyesha tangu 1963 kwa boti yake ya futi 50, Passagemaker, iliyojengwa Singapore na kuvuka hii hii Bahari ya Hindi yetu kuelekea Suez na Ugiriki kwa injini moja ya dizeli. Ukizitazama hizo mbili kwa pamoja unaona kwamba tumbo la chombo ndilo linalokufikisha. Sura ya tagi ni vazi.

Hata hivyo, vazi hilo lina mambo ya maana ndani yake, na hapo ndipo kazi ilipoanza kunoga.

La kwanza ni rafadha, lile panga la chini ya maji linalosukuma chombo. Tagi za zamani zilikuwa na rafadha kubwa inayozunguka polepole, imekaa nyuma ya mkuku mrefu, ule uti wa chini wa chombo, na mkuku huo unaikinga na magogo, nyavu na mwamba. Hilo nililichukua lote. Tuliweka injini ya hospawa 80 isiyo na mbwembwe, ya aina ambayo fundi wa lori anaielewa, na gia inayopunguza mizunguko mara 3, ili shafti isizidi mizunguko 800 kwa dakika hivi. Rafadha kubwa na ya taratibu inashika maji vizuri kuliko ndogo inayokoroga povu. Injini moja badala ya mbili ilileta ubishi, hasa kwa mama, aliyeniuliza swali ambalo mabaharia wengi hulikwepa: "Na ikizima katikati ya bahari, mwanangu?" Nilimjibu kwamba injini mbili zinazonyonya tangi moja lenye uchafu huzima pamoja. Alichohitaji ni mafuta safi na chumba cha injini ambacho mzee wa miaka 60 na kitu anaweza kuingia na kupiga magoti pande zote mbili za injini bila kuungua goti. Chumba hicho kilimega sentimita 40 kutoka sebuleni, na mama akazikubali. Juu ya hayo tukaweka mlingoti mfupi na tanga dogo, la kuirudisha boti kwenye upepo ikibidi.

La pili ni tezi. Tagi ina sitaha ya nyuma iliyo karibu na maji kwa sababu kamba ya kuvutia inatakiwa kutoka chini. Kamba ikitoka juu na meli ikavuta kwa ubavu, tagi inapinduka. Ndoano yake pia haikai nyuma kabisa, inakaa karibu na katikati, ili tagi iweze kugeuka huku imefungwa. Sasa boti ya starehe haina kamba ya kuvuta wala ndoano. Sitaha ile ya chini inabaki ya nini? Ya kuvulia samaki, ya kuogelea, ya kukalia jioni, na wateja wanaipenda mno. Lakini mawimbi yanayokuja kutoka nyuma wakati wa kusi nayo yanaipenda. Niliinua sitaha ile kwa sentimita 25 kuliko ilivyokuwa kwenye picha ya mzee, nikatoboa matundu mapana ya kutoa maji kwenye ukingo pande zote, na mlango wa kuingilia ndani nikauwekea kizingiti kirefu ambacho kila mgeni anajigonga nacho ugoko. Waache wajigonge.

La tatu ni bomba la moshi. Katika boti nyingi za mtindo huu lile bomba ni la uongo: sanduku la faiba lililopakwa rangi, ndani hamna kitu, au mna mtungi wa gesi. Sipendi. Kitu kilichokaa juu kabisa ya chombo, kinachopigwa na upepo, lazima kiwe na kazi. Tulilifanya la kweli: moshi unapanda humo ukiwa mkavu, na pembeni yake mna njia ya hewa ya moto kutoka chumba cha injini. Maji ya kupoza injini yanazunguka kwenye mabomba yaliyochomelewa chini ya tumbo, nje, kama yalivyo kwenye tagi nyingi za kazi. Hakuna maji ya chumvi yanayoingia kwenye injini wala pampu ya kuziba kwa mchanga na mwani. Gharama yake ni kulizungushia bomba sufi ya kuzuia joto kwa unene wa kutosha, na kufuta masizi sitahani asubuhi. Mzee anayafuta mwenyewe.

Madirisha ya mbele yaliyoinamia nje si mapambo pia. Usiku hayakurudishii taa za dashibodi usoni, na mchana jua letu la utosini linakuta kivuli. Nilitaka kuyapunguza ukubwa, mzee akataka kuyaongeza, tukakutana katikati na kuagiza vifuniko vya kufunga kwa boliti wakati wa dhoruba.

Ubishi mrefu kuliko yote ulikuwa wa uzito, na huo haukuisha hadi boti iliposhuka majini. Nina daftari ambalo kila kitu kinachoingia chomboni kinaandikwa kwa safu mbili: kilo ngapi, na kimekaa sentimita ngapi juu ya mkuku. Mashine ya kufulia. Jenereta. Friji la pili. Kiyoyozi. Kabati la mvule, kwa kuwa mzee alitaka mbao za kweli. Kila kitu peke yake ni kidogo na kina sababu nzuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Kiyoyozi cha paa nilikikataa kwa kumwonyesha safu ya pili tu: kilo chache, lakini mita 4 juu ya mkuku. Tukabadilisha na madirisha ya kupitisha upepo na turubai. Jenereta ikabaki, chini.

Tumbo lilijengwa kwa bamba za chuma za milimita 5, ambazo zina kilo 39 hivi kwa kila mita ya mraba. Chuma kwa boti ya mita 12 ni kizito, sikatai. Lakini huku kwetu na visiwani, mtu wa kuchomelea utampata karibu kila bandari, na mwamba ukikigonga chuma kinabonyea badala ya kupasuka. Adui wake ni kutu, na kutu mbaya inaanzia ndani, kwenye ngama, chini kabisa ya tumbo, mahali ambapo maji ya jasho yanatuama nyuma ya taruma, zile mbavu za chombo. Kwa hiyo kila taruma nililikatia tundu la kupitisha maji, na hakuna sakafu iliyopigiliwa moja kwa moja, zote zinafunguka. Kibanda cha juu hakikuwa cha chuma. Ni plaiwudi ya baharini iliyovikwa faiba, ili uzito wa juu upungue. Mafundi wa kuchomelea walinuna kidogo, maana walikuwa wameshapata bamba.

Karakana iko kwenye mkono wa bahari wa Mtwapa, na kushusha chombo chenye kina cha mita 1.3 kulitaka maji ya bamvua, maji yakijaa sawasawa. Ilipoelea ndipo tukaifanyia kipimo ambacho watu wengi wanaojenga boti za mbao na faiba huku kwetu hawakifanyi, nami sipokezi tena chombo bila kukifanya.

Tulianza alfajiri, kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yametulia kati ya kujaa na kupwa. Matangi yalijazwa mpaka mdomo, kwa sababu tangi lililojaa nusu linayumba kivyake na kuharibu hesabu. Kamba za kufungia zikalegezwa zote. Watu wakashuka, tukabaki mimi na kijana mmoja. Kwenye tundu la dari la kibanda cha usukani nilining'iniza timazi ya kawaida ya mwashi, uzi wa mita 2 ukishuka hadi sebuleni, na ile risasi yake ikazama ndani ya ndoo ya oili chafu ili isichezecheze. Nyuma ya uzi tukasimamisha rula. Kisha mifuko 4 ya saruji, kilo 50 kila mmoja, imefungwa plastiki, ikahamishwa kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili, mita 3. Boti ikainama pole. Uzi ukasogea sentimita 7 ukatulia. Tukairudisha mifuko, uzi ukarudi. Tukarudia upande wa pili.

Hesabu yake anaiweza mtoto wa sekondari: kilo 200 mara mita 3, gawanya kwa uzito wa boti, gawanya tena kwa ule mwinamo wa uzi, yaani 7 kwa 200. Inatoka sentimita 95. Huo ndio umbali kati ya kitovu cha uzito na ile nukta ya juu ambayo chombo kinabembea kana kwamba kimetundikwa hapo. Ukiwa mdogo mno, chombo kinainama na kusita kurudi. Ukiwa mkubwa, kinarudi kwa hasira. Mzee alikuwa gatini na daftari, na nilipomsomea namba alinyamaza, akauliza swali la nahodha: "Itabembea sekunde ngapi?" Karibu 3 na nusu, kwenda na kurudi. Akakunja uso. Ni chombo salama, lakini kwa bembea ya haraka namna hiyo kikombe cha chai hakikai mezani na mgongo unachoka siku ya pili.

Dawa tuliyoiweka wavuvi wa pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada wanaitumia siku zote: miti miwili inayofunguka ubavuni, kila mmoja unashusha kwa mnyororo kitu mfano wa samaki wa chuma na ubao, mita kadhaa chini ya maji. Chombo kikitaka kuinama upande mmoja, samaki wa upande wa pili anakataa kuvutwa juu. Matengo ya ngalawa yanafanya kazi kwa kuelea. Haya yanafanya kazi kwa kukataa kupanda. Yanakula mwendo kidogo, na kwenye maji machache lazima uyapandishe, vinginevyo utavua matumbawe. Hayana pampu, hayana kompyuta, wala waya wa kuoza.

Kwenye mafuta sikukubali mjadala. Dizeli ya kwenye mapipa visiwani inaweza kuja na maji, kutu na vijidudu vyeusi vinavyoota ndani ya tangi la joto. Matangi makubwa mawili, jumla ya lita 2,200, yako chini katikati ya chombo ili yakipungua boti isiinamie mbele wala nyuma, na kila moja lina shimo la kuzamia uchafu lenye bomba la kuutoa. Mafuta yanapita vichujio viwili sambamba, kimoja kikiziba unageuza valvu bila kuzima injini. Kisha yanaingia tangi la siku, la lita 100, ambalo injini inanyonya humo tu. Nililitoa moja kwa moja kwenye tagi za kazini. Pembeni lina kioo cha kupimia, kimechorwa mistari ya lita 5, na mzee akianza zamu anaangalia mstari na saa. Anajua analokula kwa saa bila kutegemea kifaa chochote cha umeme. Kwenye majaribio nje ya mwamba ilikuwa karibu lita 7 kwa noti 6, boti ikiwa na kila kitu cha mama ndani.

Akiba ya moja ya tano ya mafuta haiguswi. Kinachobaki kwa noti 6 kinatosha kupita maili 1,600 kwenye karatasi. Kutoka Mombasa hadi Mahé, Ushelisheli, ni karibu maili 950, wiki moja nzima kasoro kidogo. Kwenda Moroni, mji wa Ngazija, ni 500 na kitu tu, na watu hudhani hiyo ndiyo nyepesi. Si hivyo. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kufika noti 4. Boti ya noti 6 ikiukabili mkondo wa noti 2 tu, inapata 4 za kweli, na kila lita ya mafuta inapungua thamani kwa theluthi. Wakati wa kaskazi mkondo unalegea na upepo unakusukuma mgongoni, lakini Novemba hadi Aprili ndio msimu wa vimbunga upande wa Madagaska na Komoro. Nilimwambia mzee achague maleleji, ule wakati upepo unapobadilika na majahazi yanakaa bandarini matanga yamelala. Manahodha wa tanga wanauchukia. Kwa chombo cha injini ya hospawa 80, bahari iliyolala ni mali, nayo inakuja mara mbili kwa mwaka.

Mzee na mama wametoka Oktoba wakaanza na Pemba, wakazoee samaki wa chuma kwanza.

Mteja niliye naye mezani sasa anataka ileile, na rangi ileile. Nimemchorea tani zilezile 18 ndani ya boti ya mita 13 na nusu, bila kitanda cha ziada wala kabati la ziada, urefu mtupu. Kwa noti 6 ulaji unashuka kutoka lita 6 na nusu hadi kama 5.4 kwa saa. Bamba zinaongezeka, na uzito wake nimeufidia kwa kuondoa jenereta na kuweka paneli za jua juu ya kibanda. Namba hizo hazibishi. Anachobisha ni kodi ya maegesho, maana inatozwa kwa mita.